Muulize Bwana Shamba: Mkwaju upi unazaa sana kwa biashara?

Meseji za mikwaju zimekuwa nyingi mwezi huu, nadhani kwasababu juisi ya ukwaju sasa hivi iko kila kona ya Dar, kuanzia Kariakoo mpaka stendi ya Mbezi, na watu wanajiuliza huo ukwaju unatoka wapi na kwanini wasilime wao. Nimechagua maswali matano, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwasababu mengine yote yanaegemea hapo.

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mimi nakaa Tabata, nauza juisi ya ukwaju jumla kwa wenye vibanda, na nina heka 5 Chalinze njia ya kwenda Msata. Kila Ramadhani ikikaribia ukwaju unapanda bei hadi nakosa faida kabisa, sasa nimeona nipande wangu. Kuna kijana anauza miche barabarani kaniambia ana ukwaju wa haibridi, unazaa baada ya miaka 2 na tunda lake refu kama kiganja na vidole. Nilishalizwa na miche ya maembe kwenye kitalu kimoja kwahiyo naogopa. Naomba unitajie mbegu inayozaa sana na wapi nitaipata. – Mama Juisi, Tabata

JIBU: Marahaba mama. Usitoe hela kwanza, tuongee.

Neno haibridi kwenye mkwaju lisikubabaishe hata kidogo. Haibridi kama ya mahindi, kwamba unanunua pakti ya mbegu na kila punje inatoa mmea unaofanana na mwenzake, kwenye mikwaju haipo hivyo. Maua ya mkwaju kwa sehemu kubwa yanachavushwa na nyuki na wadudu wengine wanaotoka mti mmoja kwenda mwingine, kwahiyo kokwa unayoipanda mama yake unamjua ila baba hujui ni mti gani wa wapi. Ukipanda kokwa 40 kutoka kwenye mti mmoja mzuri unapata miti 40 ambayo kila mmoja ana tabia yake, huu unazaa sana, ule unazaa mwaka huu halafu miaka miwili unalala, mwingine maganda makubwa ndani nyama hamna. Na utakuja kuyajua hayo baada ya miaka 7 hadi 10, maana mkwaju wa kokwa ndo unachukua muda huo kuanza kuzaa na mingine inapitiliza. Hapo ndipo watu wanapoumia, heka nzima imekaa miaka yote hiyo halafu miti inayolipa ni michache.

Aina zenye majina duniani zilipatikana kwa njia moja tu, mtu kaona mti bora kati ya mingi, kaupima misimu kadhaa, kisha akachukua vikonyo vyake, yaani vipande vya ncha za matawi, akabebesha, yaani akaviunga juu ya miche mingine. Wahindi wana PKM 1, ilitolewa na kituo cha utafiti cha Periyakulam kule Tamil Nadu, wao wanaitaja kuwa inatoa wastani wa kilo 263 za maganda kwa mti uliokomaa na nyama yake ni asilimia 39 ya uzito wa ganda. Wana nyingine pia, Urigam ambayo inasifika kwa maganda marefu, Pratisthan ya Maharashtra, Goma Prateek ya Gujarat. Hizi namba nakupa ili uone kipimo cha wenzetu, sio uende kutangaziwa PKM 1 pale barabarani ukaamini. Ni namba za kule, kwa udongo wa kule na matunzo ya kule.

Sasa kwa wewe wa Chalinze, mbegu yako bora ipo hapahapa nchini, tena pengine iko kilomita chache kutoka shambani kwako. Mkwaju ni mti wa Afrika, umejaa wenyewe Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, hadi kule bonde la Ruaha. Kwenye mikwaju yote hiyo iliyojiotea kuna mmojammoja ambao kijiji kizima wanaujua, ukiuliza wakina mama wanaookota ukwaju watakwambia bila kufikiri, "nenda ule wa pale kwa mzee fulani." Anzia hapo. Kazi yako ni kuwa na mti mama, wala sio kutafuta pakti.

Unauchaguaje? Mambo ninayoangalia mimi ni haya. Kwanza historia, muulize mwenye mti au jirani, msimu uliopita ulizaa? Na wa kabla yake? Mikwaju mingi ina tabia ya kubeba sana mwaka mmoja halafu kupumzika, kwahiyo mti uliouona umefunga msimu mmoja tu haujakwambia kitu. Ufuatilie misimu mitatu ukiweza, miwili ikishindikana. Mti unaozaa wastani kila mwaka nauchukua mbele ya ule unaolemewa mwaka mmoja na kukaa mtupu mwaka unaofuata, kwasababu wewe mama wateja wako wanakunywa juisi kila mwaka.

Pili ni nyama, na hapa wengi wanadanganywa na macho. Wanaona ganda kubwa wanadhani ukwaju mwingi. Chukua mizani ya dukani, pima kilo 1 ya maganda makavu kutoka kila mti, ukichuma upande wa juu, wa chini, wa mashariki na wa magharibi usichague yale mazuri tu. Menya, toa zile nyuzi, toa kokwa, pima nyama peke yake. Ukwaju mwingi nyama inaangukia kati ya asilimia 30 na 50, na hiyo tofauti ndio pesa yako. Tuseme mti A unatoa kilo 90 za maganda na kwenye kila kilo unapata gramu 450 za nyama, hizo ni kilo 40 na nusu za nyama. Mti B unatoa kilo 120 za maganda lakini kila kilo inakupa gramu 300, hizo ni kilo 36. Mti B ukiuangalia kwa mbali unaonekana ndo mkali, magunia yake ni mengi, ila umelipia vibarua wa kuchuma, wa kumenya, na gari la kubeba maganda na kokwa kutoka Chalinze hadi Tabata. Mimi nachukua A.

Tatu ni ukali. Kwa juisi unataka ukwaju mchachu haswa, ile asidi yake ya tataric ndo inayofanya jagi moja la ukwaju mzito ulinyooshe kwa maji na sukari na bado ladha ibaki. Kwenye nyama ya ukwaju asidi hiyo huwa kati ya asilimia 8 na 18, yaani mti mmoja unaweza kuwa mkali mara mbili ya mwingine. Huna haja ya maabara, loweka gramu 100 za nyama ya kila mti kwenye lita 1 ya maji ya vuguvugu kwa muda uleule, chuja, onja bila sukari, halafu angalia na rangi, maana wateja wa Dar wanapenda juisi yenye wekundu wa kahawia sio nyeusi tii. Wewe umefanya hii kazi miaka, ulimi wako unajua kuliko mimi.

Nne, ganda lenyewe. Chukua yaliyokomaa ukayavunje, angalia kama yana matundu madogo ya wadudu, maana kuna miti ganda lake linapasuka lenyewe mapema na wadudu wanaingilia hapo, na kuna miti ganda linabaki zima mpaka unachuma. Hili la pili ndo unalolitaka. Ganda likiwa limeiva sawasawa nyama yake inasinyaa na kuachana na ganda, ukiligonga kwa kidole linasikika tupu, na ukilibana linavunjika kavu mkononi kama chipsi. Yanayonatanata bado.

Ukishapata miti mama mitatu au minne iliyopita hapo usichague mmoja ukajaza heka zote 5. Changanya, mstari wa huu na mstari wa ule, kwasababu mkwaju unapenda chavua ya mti tofauti na yake ili ufunge vizuri. Shamba lote la mti mmoja uliobebeshwa ni sawa na mti mmoja tu kwa habari ya uchavushaji.

Na yule kijana? Kabla hujamfukuza mwangalie miche yake. Mche uliobebeshwa una kovu, sentimita 15 hadi 25 kutoka kwenye udongo utaona pamevimba na mara nyingi rangi ya gome inabadilika hapo, juu ni tofauti na chini. Mche ulionyooka kuanzia chini hadi juu bila kovu ni wa kokwa, hata aite jina gani. Kama umebebeshwa muulize vikonyo katoa wapi na akupeleke ukauone huo mti mama, akikataa au akaanza kuzungusha maneno achana naye. Na miaka 2 asikudanganye, mkwaju wa kubebesha ukitunzwa vizuri unaanza kuonyesha matunda mwaka wa 3 au wa 4, na mavuno ya kueleweka yanakuja baadae, mti ukiwa na mwili. Maua yakitokea mwaka wa kwanza au wa pili yatoe, mti ujenge matawi kwanza.

Kwa mashauri na mafunzo ya kubebesha wapo watu wa SUA, kile Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, sio mbali na shamba lako, na mbegu za miti kwa ajili ya miche ya mashina, ile ya chini inayobebeshewa, unaweza kuulizia kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ambao ndio wana kazi ya mbegu za miti nchini.

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimenunua ukwaju mtamu wa Thailand supamaketi hapa Masaki, kwenye boksi, mtamu kweli kweli kama tende. Nimetunza kokwa kama 30 nataka nizioteshe nije nipande Bagamoyo niwe wa kwanza. Zitatoa utamu uleule? – Kijana wa Mikocheni

JIBU: Nzuri mkuu. Zitaota, ukiloweka usiku kucha kwenye maji na kuzipanda zitaota bila shida, ila utamu uleule usiutegemee. Nimeshaeleza hapo juu, kokwa inabeba na damu ya baba asiyejulikana. Hao Wathai wenyewe, hasa jimbo la Phetchabun ambalo ndo makao makuu ya ukwaju mtamu, hawapandi kokwa kwenye mashamba ya biashara, wanabebesha aina zao kama Sithong na Sichomphu. Miche yako 30 ipande kama mashina ya kubebeshea hapo sawa kabisa, au weka mitatu minne nyumbani kwa kujifurahisha.

Ukitaka aina yenyewe lazima uje na vikonyo au miche iliyobebeshwa kutoka kule, na hiyo haibebwi kwenye begi la nguo. Unaanza kwa kuomba kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na nchi inayotoa inakupa cheti cha afya ya mimea. Watu wanaona ni usumbufu lakini mdudu au ugonjwa mmoja ukiingia na kikonyo unaweza kuumiza mikwaju ambayo watu wa Dodoma na Singida wanaitegemea kula na kuuza, kwahiyo naomba sana usipitishe njia ya panya.

Jambo jingine fikiria mnunuzi. Ukwaju mtamu ni tunda la kumenya na kula, unauzwa kwenye boksi ukiwa ganda zima bila ufa, kwa hoteli na supamaketi. Muuza juisi, mtu wa achari, mpika urojo, mama wa mchuzi wa samaki, wote hao wanataka mchachu. Soko la mchachu lipo leo, la mtamu itabidi ulitengeneze. Sikukatazi, ila ningekuwa na heka 3 za Bagamoyo ningeweka mchachu heka 2 na nusu.

SWALI: Bwana shamba mi nipo Kigamboni, nimeshapata mti mama mzuri sana. Tatizo kubebesha, nimejaribu vikonyo vinakauka vyote. Nakosea wapi? – Fundi Simu, Kibada

JIBU: Hongera kwa mti. Vikonyo kukauka mara nyingi kunatokana na mambo mawili, kikonyo kilichokatwa kikiwa hakijajiandaa, na hewa kavu baada ya kufunga.

Fanya hivi. Kwenye mti mama chagua ncha za matawi yaliyokomaa kidogo, sio yale mabichi laini na sio kuni, unene wa penseli au pungufu kidogo. Kata majani yake yote ila uache vile vishikio vya majani, halafu uache tawi hapohapo mtini siku 7 hadi 10. Vishikio vitadondoka vyenyewe na macho yatavimba, hapo kikonyo kipo tayari kuchipua. Kata asubuhi na mapema, funga kwenye kitambaa kibichi, weka kwenye mfuko wa plastiki kivulini na ubebeshe siku hiyohiyo.

Mche wa chini uwe na unene uleule wa kikonyo, kwa kawaida mche wa miezi 6 hadi 9 kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, unafaa. Kata juu, pasua katikati sentimita 3 hivi, kikonyo kichonge pande mbili kiwe kama kabari kwa kisu kikali sana, mkato mmoja laini usichokonoechokonoe, ingiza, hakikisha gome la upande mmoja limegusana na gome la chini. Hata kama unene umepishana upande mmoja lazima ugusane. Funga na utepe wa plastiki ukikaza kutoka chini kwenda juu. Kisha chukua kile kifuko chembamba cha kutengenezea barafu za watoto, uvishe kikonyo chote kutoka juu, funga chini ya kidonda. Hicho kifuko ndio kinachotunza unyevu na nahisi ndicho unachokikosa. Weka kivulini, maji mwagilia kwenye kiriba tu sio juu. Wiki ya 3 au ya 4 utaona vichipukizi vya kijani ndani ya kifuko, vikifika juu toa kifuko jioni, usitoe saa sita mchana jua likavichoma. Na chochote kinachochipua chini ya kidonda kipogoe hapohapo, wengi wanakiacha wanafurahi mche umeota kumbe linaota shina la chini.

SWALI: Salaam. Mkwaju wangu upo Kibaha, nimeukuta kwenye kiwanja nilichonunua, mkubwa, unatoa maua mengi kila mwaka lakini maganda ni ya kuhesabu. Niukate? – Baba Zai

JIBU: Waleykum salaam. Usiukate kwanza. Kama uko peke yake na hakuna mkwaju mwingine jirani basi sababu ya kwanza ninayoiona ni hiyo, unakosa chavua ya mwenzake. Panda mwingine ulio tofauti karibu, au kama hutaki kungoja bebesha matawi mawili matatu ya mkwaju mwingine juu ya huohuo. Nyuki nao, kama jirani wanapuliza dawa wakati wa maua nyuki hawaji, na mzinga mmoja wa nyuki uliowekwa mbali na nyumba unasaidia sana. Angalia pia umezingirwa na miti mingine kiasi kwamba jua halifiki matawi ya chini? Pogoa.

Na swali moja nikuulize, mnavunaje? Maana nimeona sehemu nyingi watu wanapanda na mti mrefu wanacharaza matawi kwa fimbo mpaka ukwaju unashuka pamoja na ncha zote za matawi, na hizo ncha ndizo zingetoa maua msimu unaokuja. Mkwaju uliocharazwa hivyo ukikaa mwaka bila kuzaa sio kosa la mti. Vuna kwa mkono au kwa ngoeko, uyatingishe matawi taratibu, yaliyoiva yatadondoka.

SWALI: Nina shamba Mkuranga, nipande nafasi gani na naweza kuchanganya na mihogo? Na ukwaju nikishavuna nautunzaje usiliwe na wadudu mpaka bei ipande? – Mdau, Mbagala

JIBU: Nafasi mita 10 kwa 10, hiyo inakupa miti 40 kwa heka. Itaonekana shamba tupu miaka ya mwanzo na hapo ndo unaweka mikunde, ufuta, karanga, hata mihogo sawa ila iwe mita 2 kutoka kwenye mche, kwasababu mihogo inanyonya sana na unaweza ukachimba muhogo ukakata na mizizi ya mkwaju. Mkuranga kuna sehemu maji yanatuama masika, hizo ziruke kabisa, mkwaju unavumilia ukame na mchanga na hata hewa ya chumvi lakini kukaa kwenye maji hapana. Shimo futi 2 kwa 2, debe moja la samadi iliyooza, panda mvua zikianza, na mchwa wawe wa kwanza kwenye mawazo yako mwaka wa kwanza, ondoa majani makavu yanayogusa shina.

Kwenye kutunza, wadudu wengi wanakuja nao kutoka shambani, wametaga kwenye ganda likiwa bado mtini, kwahiyo ukiweka maganda mazima kwenye gunia stoo miezi 4 umewafugia. Vuna yakishaiva bila kuyaacha yakae sana mtini, menya mapema, toa kokwa zote maana humo ndimo wanamokaa fukusi, anika nyama siku 2 hadi 4 kwenye chanja safi juani ukigeuza, usiku ingiza ndani. Kisha ishindilie kwenye ndoo yenye mfuniko au mfuko mzito wa plastiki, utoe hewa, wengine wanaweka chumvi kidogo katikati ya tabaka, inasaidia ila mwambie mnunuzi wako maana wa juisi anaweza asiipende. Weka mahali pa baridi pasipo na jua. Itazidi kuwa nyeusi kadri inavyokaa, hiyo ni kawaida, lakini wanunuzi wa Kariakoo wanashusha bei kwa rangi, kwahiyo ukiweza gawa mzigo wako, nusu uza ukiwa mpya na nusu ndo ungoje nayo bei.